Sura ya Saba: Pumzi na Chuma

Jumapili alfajiri, kabla jua halijawa kali, Dar es Salaam ina makabila mawili ya watu wa mazoezi. La kwanza liko barabarani kwa makundi, fulana za rangi moja, kiongozi akianzisha wimbo na wengine wakiitikia mguu wa kushoto unapogusa lami. Ni mchakamchaka ule ule tuliolelewa nao shuleni na JKT, ila sasa una fulana na picha za simu. Kabila la pili liko uani, nyuma ya nyumba fulani ya Manzese, Temeke au Mbagala, chini ya bati, ambako chuma chenyewe ni bomba la maji lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Ukipima vizuri utakuta kopo moja limelizidi lenzake kidogo. Wenyeji wa pale wanalijua ni lipi, na kila seti wanageuza bomba ili mkono mmoja usionewe.

Makabila haya hayaaminiani. Mtu wa chuma humwonya jirani yake: "Kaka, ukikimbia utapoteza mwili." Mtu wa barabarani naye humtazama baunsa anavyohema akipanda ngazi za ghorofa ya tatu, akatabasamu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, na ndiyo maana ubishi hauishi. Lakini wana kasoro moja inayofanana ambayo hawaijadili: wote huanza wakiwa baridi. Wa barabarani hutoka getini na kuingia moja kwa moja kwenye mwendo wa kikundi. Wa chuma hupakia uzito wake wa juzi, akalala chini yake. Nitaanza na ubishi wao, kisha nirudi kwenye kasoro hiyo, kwa sababu dawa ya ubishi imo humo humo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya pumzi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu ya hayo siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli yote mikubwa. Nusu ya kwanza ndiyo inayotangazwa. Nusu ya pili huchukuliwa kuwa mambo ya vijana wanaotaka kifua cha kuvalia fulana ya kubana, na hapo ndipo wazee wetu wanapopunjwa. Kuanzia miaka ya thelathini misuli hupungua polepole, asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya sitini kasi huongezeka. Bibi asiyeweza kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta mara nyingi hana shida ya pumzi hata kidogo. Mapaja ndiyo yaliyomwacha. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, walichapisha habari za watu kumi wa makao ya wazee, umri wao wa wastani miaka 90, waliopewa wiki nane za kunyanyua uzito kwa miguu. Waliomaliza, nguvu za mapaja yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini! Sijui ni hoja gani nyingine ya kumshawishi mtu wa hamsini anayesema wakati wake umepita.

Sasa ile hofu ya kupoteza mwili. Si uzushi wa vijiweni. Ina chanzo, na chanzo kina jina la mtu. Robert Hickson alikuwa mnyanyua vyuma aliyekwenda St. Louis, Marekani, kufanya utafiti katika maabara ya John Holloszy. Holloszy alikuwa bingwa wa upande wa pili. Mwaka 1967 ndiye aliyeonyesha kwamba misuli ya panya waliozoezwa kukimbia kwenye mashine huongeza mitokondria, zile sehemu za seli zinazochoma mafuta na sukari kwa oksijeni. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji. Hickson akawa anaandamana naye kwenye mbio za alasiri, na baada ya muda akaona misuli yake inanywea ingawa vyuma hakuviacha. Mtu mwingine angeacha kukimbia, basi. Yeye akalifanya swali.

Jibu alilichapisha mwaka 1980, wakati huo akiwa Chicago. Aligawa watu makundi matatu kwa wiki kumi: wa kunyanyua tu, wa pumzi tu, na wa kufanya yote mawili. Kwa wiki saba hivi wale wa mchanganyiko walipanda nguvu sambamba na wa chuma. Kisha wakakwama, na kufikia wiki ya tisa na ya kumi nguvu zao zikaanza kushuka. Pumzi yao haikupata hasara yoyote. Iliongezeka sawa na ya wakimbiaji. Kwa hiyo kilichoumia ni chuma, si pumzi, na tangu siku hiyo kila baunsa duniani ana msomi wa kumtaja.

Lakini tazama ratiba waliyopewa watu wale. Kunyanyua siku tano kwa wiki, mazoezi ya pumzi siku sita, dakika 40 kwa siku, tena kwa ukali wa kumwacha mtu hoi. Kati ya wasomaji wa kitabu hiki, labda kuruta aliye depo ndiye anayekaribia hapo. Mtu wa mtaani anayekimbia mara tatu na kunyanyua mara mbili hayumo kabisa katika jaribio la Hickson, na kumtisha kwa matokeo yake ni kumwonea.

Kinachotokea ndani ya seli kinaeleweka zaidi siku hizi. Misuli inapobeba mzigo mzito, protini iitwayo mTOR huamka na kuamuru ujenzi wa protini mpya. Ndivyo misuli inavyonenepa. Unapokimbia kwa muda mrefu hadi akiba ya nishati ikapungua, huamka protini nyingine, AMPK. Hiyo ndiyo mtunza hazina wa seli: akiona sanduku limekuwa jepesi, anasimamisha ujenzi kwanza, matumizi ya lazima yaendelee, huku akiagiza mitokondria zaidi kwa ajili ya siku zijazo. Amri hizi mbili zinaweza kugongana. Mgongano wenyewe, hata hivyo, hudumu kwa saa kadhaa tu, na ukubwa wake hutegemea jinsi ulivyojichosha na kama umekula.

Ndiyo maana tafiti zilipozidi kuongezeka, picha ilipungua ukali. Mwaka 2012 Jacob Wilson na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi wakaona kwamba mbio ndizo zinazovuruga nguvu, kuliko baiskeli, hasa zinapokuwa ndefu na za mara kwa mara. Ina maana: katika mbio kila hatua ni kishindo, na misuli ya mapaja hukaza huku ikivutwa, jambo linaloichubua; kwenye baiskeli kishindo hicho hakipo. Kisha mwaka 2022 Moritz Schumann na wenzake wakarudia hesabu kwa tafiti nyingi zaidi, wakakuta kwamba ukubwa wa misuli na nguvu za juu kabisa havipungui kwa kuchanganya. Kinachopungua kidogo ni nguvu za ghafla, zile za kuruka na kuchomoka, hasa pale mambo yote mawili yanapobanwa kwenye kipindi kimoja. Mlinda mlango na mkimbiaji wa mita 100 wana sababu ya kulifikiria hilo. Mhasibu hana.

Upande wa pili wa hesabu husemwa mara chache: chuma kinamfaa mkimbiaji. Mwaka 1999 Leena Paavolainen na wenzake wa Finland waliwachukua wakimbiaji wazoefu, wakapunguza kilomita zao na karibu theluthi ya mazoezi wakaijaza kuruka, mbio fupi za kasi na uzito mwepesi unaosukumwa haraka. Baada ya wiki tisa muda wao wa kilomita 5 ulishuka, ilhali uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulibaki pale pale. Kilichobadilika ni gharama ya kila hatua. Kano ya kisigino iliyo imara hurudisha sehemu ya nguvu ya mguu ulipokanyaga, na misuli inayojua kukaza haraka haikai chini muda mrefu. Pumzi ile ile, safari ndefu zaidi.

Kaptagat, kule Kenya, hawahitaji kusomewa hayo. Kambi ya Eliud Kipchoge na kocha wake Patrick Sang inajulikana kwa kilomita zake, lakini siku mbili za wiki pia hutandikwa mikeka, ikatolewa mikanda ya mpira, na bingwa wa marathoni wa Olimpiki wa mwaka 2016 na wa michezo ya Tokyo akalala chali kuinua nyonga kama mgonjwa wa mazoezi ya viungo. Hakuna bomba lenye makopo ya zege. Ni uzito wa mwili, matako, nyuma ya paja, kiuno. Na Watanzania tuna mfano wetu mbichi: Tokyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu aliingia uwanjani nyuma ya wapinzani wake, akamkamata Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sekunde 0.03, na nchi ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Sidai kwamba ni vyuma vilivyomshindisha. Nadai tu kwamba baada ya kilomita 42 watu hao wawili walikuwa wamelingana kwa pumzi, na kilichobaki kuulizwa kilikuwa nani bado ana mguu wa kusukuma.

Basi, kasoro ya kuanza baridi.

Ukimwambia mtu wa Pwani apashe misuli kabla ya kuanza, anakucheka. "Mzee, mimi nimelowa jasho tangu nyumbani, nipashe nini tena?" Ana haki ya kucheka, ila jasho lile ni la ngozi. Misuli ya paja la mtu aliyetulia huwa na nyuzi 35 au 36 hivi, chini ya joto la ndani ya mwili, hata kama shati limegandia mgongoni. Ukianza kutembea haraka na kukimbia taratibu, joto la misuli hupanda upesi katika dakika tano za kwanza, na baada ya dakika kumi hadi ishirini hutulia nyuzi mbili tatu juu ya pale lilipoanzia. Nyuzi hizo si pambo. Mwaka 1987 Anthony Sargeant aliwakalisha watu miguu yao ndani ya maji kwa dakika 45, safari moja maji ya moto ya nyuzi 44, safari nyingine ya baridi ya nyuzi 18 na 12, kisha akawapandisha kwenye baiskeli waendeshe kwa nguvu zote sekunde 20. Waliotoka kwenye maji ya moto walizidisha nguvu kwa asilimia 11. Waliotoka kwenye ya baridi kali walipoteza asilimia 21. Kwa hesabu ya wastani, kila nyuzi moja ya joto la misuli ilikuwa na thamani ya asilimia 4 hivi.

Maji ya moto peke yake, hata hivyo, hayamwandai mtu. Moyo nao unataka taarifa. Mwaka 1973 James Barnard na wenzake wa Los Angeles waliwachukua wanaume wasio na dalili yoyote ya ugonjwa wa moyo, wakawapandisha kwenye mashine ya kukimbilia kwa kasi kali bila maandalizi, kwa sekunde chache tu. Wengi wao kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mabadiliko ya aina inayoonekana moyo unapopungukiwa damu. Walipotangulizwa mazoezi mepesi ya dakika mbili, mabadiliko hayo kwa wengi yalipungua au yakatoweka. Mishipa inayoulisha moyo ilihitaji muda wa kutanuka, na mazoezi ya ghafla hayakuupa.

Ukweli huu una umri mkubwa kuliko maabara. William Heberden, tabibu wa London wa karne ya 18 aliyekuwa wa kwanza kueleza kwa kina maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, aliandika juu ya mgonjwa mmoja aliyejipangia kupasua kuni kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Madaktari wa moyo bado wanakutana na wagonjwa wanaobanwa kifua kwenye mlima wa kwanza, wakapumzika, kisha wakapanda wa pili bila shida. Lakini ukiona dalili hiyo kwako, usijisifu kwamba umepashika; nenda hospitali.

Kupasha kuzuri kunaanza na kitu chepesi kinachotumia misuli mikubwa: kutembea haraka, kukimbia polepole, kuruka kamba. Na hapa makundi ya jogging yana hazina ambayo hayaijui. Kipimo rahisi cha ukali wa mazoezi ni mdomo: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye mwendo wa wastani. Kikundi kinachoimba beti nzima bila kukatika pumzi, basi, kiko chini kidogo ya hapo. Wengi wanamaliza saa nzima wakiimba na kurudi nyumbani wakiamini wamefanya mazoezi mazito. Mchakamchaka wa nyimbo ni upashaji bora kuliko wowote niliowahi kuuona: una mdundo, una watu, unapanda taratibu. Utumike dakika kumi au kumi na tano kwa kazi hiyo, wimbo unyamaze, kazi ianze.

Wakimbiaji wa Iten, Kenya, wanayo adabu hii ya kuanza taratibu mwilini. Mgeni anayejiunga nao saa kumi na mbili asubuhi hushangaa kilomita ya kwanza ilivyo ya uvivu, karibu sawa na kutembea, na moyoni anaanza kufikiri kwamba hawa watu wanasifiwa bure. Kufikia kilomita ya nne amebaki na vumbi lao.

Baada ya hapo ndipo viungo vinyooshwe kwa mwendo: kurusha mguu mbele na nyuma, kuzungusha nyonga, kuzungusha mabega, skwati za polepole zinazozidi kushuka kila mara. Ule mtindo tuliofundishwa shuleni, wa kupanga mistari, kuinama, kugusa vidole vya miguu na kutulia hapo hadi mwalimu aseme basi, haufai kabla ya kazi ya nguvu. Misuli iliyovutwa na kushikiliwa zaidi ya dakika moja hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa muda, hasa ukitoka hapo ukaenda moja kwa moja kwenye uzito. Ikishikiliwa chini ya nusu dakika hasara yake ni ndogo mno, kwa hiyo anayependa asinyimwe. Lakini kuvuta kwa kutulia kuna nafasi nzuri zaidi mwishoni, mwili ukiwa moto na hakuna cha kunyanyua tena.

Vichura navyo vimepewa sifa mbaya na walimu wa nidhamu. Kuruka kutoka kwenye kuchuchumaa ni zoezi la nguvu za ghafla, zuri kabisa kwa mtu aliyepashika: mara tano, kutua kwa upole, magoti yakielekea vidole vya miguu yanakoelekea. Kuzunguka navyo uwanja mzima, mtoto akiwa baridi na analia, ni adhabu, na magoti hulijua hilo.

Uthibitisho bora kwamba kupasha ni mahali ambapo pumzi na nguvu hukutana umetoka kwenye mpira wa miguu. FIFA, pamoja na watafiti wa Oslo na kwingineko, walitunga programu ya dakika 20 iitwayo 11+. Dakika nane ni za kukimbia polepole na kugeuka, kumi ni za nguvu, mizani na kuruka, mbili za mwisho ni mbio za kasi. Timu 20 za ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, zilishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Upande uliotumia programu hiyo ulipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko upande uliopasha kwa mazoea yake. Sina haja ya kusema Lagos ina viwanja vya aina gani.

Ndani ya dakika hizo kumi kuna zoezi moja ambalo ningependa kila mchezaji wa mchangani alifahamu. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili unyooke kuanzia goti hadi kichwa, mikono mbele ya kifua. Sasa jiachie uangukie mbele polepole kadiri uwezavyo, nyuma ya paja ikikuzuia, hadi ikushinde, kisha jipokee kwa viganja kwenye nyasi. Siku ya kwanza mara tatu zinatosha, na kesho yake utatembea kama uliyepanda punda. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba timu zinazolifanya zoezi hili hupunguza majeraha ya misuli ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Halina gharama yoyote, na bado Jumamosi hadi Jumamosi unaona winga anachomoka, anashika paja, anakaa chini.

Kwenye chuma, kupasha kunaendelea hadi kwenye chuma chenyewe. Mwenye uzito wa kazi wa kilo 60 kwenye skwati aanze na bomba tupu la kilo 20 mara kumi, aende 40 mara tano, 50 mara mbili tatu, ndipo apakie 60. Seti hizo ndogo hazimchoshi. Zinaufundisha mwili njia ya siku hiyo, na zinamfichulia goti lililoamka vibaya kabla halijabebeshwa mzigo wa kulivunja. Kwenye zile gym za uani wenye makopo ya zege hawawezi kuongeza kilo tano tano, lakini bomba tupu lipo, na kopo dogo lipo.

Kwa joto letu kuna tahadhari moja. Kupasha kukizidi, joto la ndani ya mwili linapanda mno kabla kazi haijaanza, na mtu anaingia kwenye mbio akiwa ameshachoka. Nairobi au Arusha asubuhi ya Julai, dakika kumi na tano zina maana. Dar mchana wa Februari, saba au nane zinatosha, kivulini, na maji karibu.

Kipi kitangulie, chuma au mbio? Kanuni ninayoifuata ni kwamba unachokitaka zaidi ndicho ukifanye ungali mpya. Anayejiandaa kwa nusu marathoni atangulize mbio. Wengine wote, na hasa waliovuka miaka hamsini, watangulize nguvu. Huko Brazil, Eduardo Cadore na wenzake waliwafuatilia wanaume wazee kwa wiki 12 wakifanya yote mawili kwenye kipindi kimoja, mara tatu kwa wiki. Waliotanguliza nguvu walipata nguvu zaidi, na pumzi haikupungukiwa chochote. Ukiweza kutenganisha, tenganisha. Utafiti wa Julien Robineau na wenzake kwa wachezaji wa raga wa Ufaransa ulionyesha faida ya kuacha angalau saa sita kati ya chuma na pumzi, na siku nzima ni bora zaidi. Chuma asubuhi, mbio jioni. Au Jumatatu hiki, Jumanne kile.

Kwa mtu wa miaka 45 mwenye kazi ya kukaa, asiye na maradhi, wiki inaweza kuwa hivi: Jumatatu na Alhamisi chuma, dakika 40, mazoezi matano tu. Skwati, kunyanyua kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na kubeba ndoo mbili zilizojaa kutembea nazo mwisho wa ua na kurudi. Seti mbili au tatu, aishie pale anapoona bado angeweza kurudia mara mbili. Jumanne na Jumamosi mwendo wa kuzungumza bila kuimba, au baiskeli ikiwa mapaja bado yanalalamika. Jumapili na kikundi chake, nyimbo na yote. Zilizobaki ni za kupumzika, tena bila kuona haya.

Mwenye presha anahitaji neno lake. Mwaka 1985 Duncan MacDougall na wenzake, Kanada, walipima shinikizo la damu moja kwa moja kwenye mshipa wa wanyanyua vyuma vijana. Wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu huku wamebana pumzi, wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja wao alivuka 480 kwa 350. Kwa kijana mwenye mishipa mizima jambo hilo hupita kwa sekunde. Mwenye presha isiyodhibitiwa asilijaribu. Aonane kwanza na daktari, achague uzito anaoweza kuurudia mara kumi na tano, atoe pumzi anaposukuma na kuivuta anaporudisha, wala asibane hata mara moja. Kupasha kwake kuwe kurefu, na asisimame ghafla mwishoni, maana damu iliyojaa miguuni hukawia kurudi, na hapo ndipo kizunguzungu humkuta. Dakika tano za kutembea zinatosha.

Na baada ya malaria, au homa yoyote, usirudi siku homa inaposhuka, hata kama kikundi kinakupigia simu. Subiri uweze kula vizuri na kupanda ngazi bila mapigo ya moyo kukimbia. Siku chache za mwanzo fanya kupasha peke yake, uende nyumbani. Kisha rudi kwenye chuma na nusu ya uzito uliouacha, na mbio kwa nusu ya umbali, ukiongeza kidogo kidogo kadiri hamu ya chakula inavyorejea.